Uzito wa Bawa la Kulia

Mheshimiwa Mkurugenzi, uliyekubali leo kukaa nusu saa nzima bila simu mkononi. Waheshimiwa wajumbe wa bodi. Mwenyekiti wa Chama cha Marubani Wastaafu na ujumbe wako. Mama, mke wa Fundi wetu, pamoja na wanao, wakwe zako na wajukuu wote waliojaa safu ya pili. Ndugu wageni waalikwa. Wachezaji wetu mliosafiri kuja hapa, ninyi mnaotuandikia malalamiko marefu kuliko barua za posa. Na ninyi wafanyakazi wenzangu mnaojifanya kunitazama mimi huku macho yenu yako kwenye keki: habari za mchana.

Nimepewa dakika ishirini za kumuaga Fundi. Nimeambiwa nimsifu, nisiseme mengi, na nisilie. La kwanza nitajitahidi, la pili mnanijua, na la tatu tutaona tutakapofika.

Kwa wasionifahamu, mimi ndiye ninayeandika hesabu zinazoirusha ndege katika mchezo wetu wa kompyuta. Wasanii huichora ndege, watu wa sauti huipa ngurumo, na mimi huamua kwamba ikipunguza mwendo itainama kiasi gani, na ikikata kona kali rubani ataona giza baada ya sekunde ngapi. Kwa hiyo miaka minne iliyopita, ninyi wachezaji mlipoanza kusema kwamba ndege yetu ya kivita ni ya uongo, mwongo mliyekuwa mnamsema nilikuwa mimi. Mmoja wenu aliandika hivi, nimeihifadhi: "Ndege yenu inageuka kama nzi ndani ya chupa. Bibi yangu angeitua kwa mkono mmoja huku akimenya viazi." Ndugu yangu, najua upo ukumbini, niliona jina lako mlangoni. Hebu nyoosha mkono. Ahaa, yule pale! Bibi hajambo? Msalimie sana.

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Mkurugenzi akaamua tutafute mtu aliyewahi kuishi na ndege za aina ile, mtu wa kutusahihisha. Sisi tulitegemea ataletwa rubani, tena tulishaandaa maswali ya kishujaa. Akaja fundi. Mzee aliyestaafu jeshini, aliyekaa miaka mingi chini ya matumbo ya ndege, amebeba mfuko wa kitambaa wenye tochi, daftari dogo na kipande cha kanga kuukuu cha kufutia mikono. Nitasema ukweli, wengine tulitazamana.

Siku ya kwanza tulimkalisha mbele ya skrini kubwa tukampa usukani wa mezani. Hakuugusa. Aliitazama ndege inavyozunguka pale kwenye skrini, kisha akaniuliza, "Binti, hii ndege ina uzito gani?"

Nikamtajia kwa madaha, mpaka kwenye nukta.

Akauliza, "Hapo inaondoka au inarudi?"

Nikamwambia, "Mzee, huo ndio uzito wa ndege."

Akasema, "Sikiliza. Ndege inaondoka na mafuta, inarudi bila mafuta. Inaondoka na risasi, inarudi bila risasi. Hii ya kwenu inakwenda vitani na kurudi haijapungua hata kilo moja. Sasa hii ni ndege au sanamu?"

Chumba kizima kilivunjika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikwenda mezani kwangu nikafungua hesabu zangu, nikakuta kweli, nilikuwa nimeandika namba moja tu ya uzito, na ndege yangu ilikuwa imeruka nayo mbinguni na duniani kwa miaka miwili. Je, mnaona aibu hiyo? Nilikuwa nimepima upepo, joto na unyevu wa mawingu, lakini sikukumbuka kwamba mafuta yakichomwa huisha.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ilichukua mwaka na zaidi. Kila risasi tuliipa uzito wake, nayo ikitoka mdomoni mwa bunduki, uzito ule unaondoka na bawa linakuwa jepesi. Fundi hakuhitaji kitabu chochote. Mikanda ile ya risasi ilikuwa imepita mabegani kwake kwa miaka, na akitaja kilo, nasi tukija kuhakikisha, ni hizo hizo. Mafuta tukayagawa kwenye matangi mawili, moja kila bawa, na tukaweka swichi ya kuchagua ndege inywe kutoka kushoto au kulia, kwa sababu katika ndege ile rubani ndiye anayetakiwa kukumbuka kubadilisha. Bunduki zikaanza kukwama kama zinavyokwama bunduki za kweli. Rubani naye, ambaye kwetu alikuwa macho mawili yanayoelea hewani, akapata mwili unaochoka.

Hakuacha hata wachoraji. Aliwataka wachore ndani ya tundu ambamo magurudumu hujikunja. Msanii wetu mkuu, yule pale mwenye tai ya kuazima, alikuja juu. "Mzee, huko giza tupu! Nani atachungulia huko?" Fundi akamjibu kwa upole kabisa, "Mimi." Pakachorwa. Mabomba yote, vifungo vyote, mpaka doa la grisi.

Lakini lilikuwepo jambo moja lililotushangaza. Fomu zetu za ukaguzi zina mstari chini kabisa unaosema "Imekaguliwa na", na Fundi, mtu aliyekagua mpaka misumari ya viti vyetu, hakuwahi kutia sahihi yake pale. Hata siku moja. Mara mkono unamuuma, mara kalamu mbovu, mara "weka wewe, mwanangu, mimi nitaweka kesho." Tukamtania kwamba pengine hajui kuandika. Naye akacheka pamoja nasi, na sisi tukadhani mambo yameishia hapo.

Sasa nije kwenye dhambi yangu. Waheshimiwa wajumbe wa bodi, naomba mnisikilize hadi mwisho kabla hamjanong'onezana.

Tunaye binti anayejaribu michezo yetu kabla haijawafikia wachezaji. Tunamwita Mwewe, kwa kuwa ameshaangukia kila kitu: milima, maghala, hata gari la wagonjwa. Baada ya kuweka uzito wote ule, Mwewe akaanza kuleta malalamiko ya ajabu. Anasema akirudi kutoka mazoezi ya kulenga shabaha, akipunguza mwendo ili atue, bawa la kulia linalala lenyewe na haliinuki hata afanyeje. Si kila safari. Mara moja katika kumi, mara moja katika kumi na tano. Na katika kazi yetu, kasoro inayotokea kila mara ni rafiki. Inayotokea kwa kupenda kwake ndiyo inayokufanya umkaripie mumeo bila sababu. Mume wangu yuko hapa, atathibitisha.

Niliitafuta wiki mbili. Hesabu zote zilikuwa sawa. Tarehe ya kutoa toleo jipya ilikuwa imeshatangazwa, Mkurugenzi ananipigia simu kila baada ya chai, na mimi nimekwama. Nikafanya nini? Niliandika mistari kumi na miwili ya siri. Kazi ya mistari ile ilikuwa kwamba ndege ikiwa karibu na ardhi, na ikiwa polepole, na bawa likianza kulala, basi mkono usioonekana unalishika na kuliinua. Mkono wangu huo. Nikaandika kwenye ripoti: "Imerekebishwa." Mkapiga makofi kwenye kikao, nikapongezwa kwa jina.

Ndugu zangu, mimi nililipwa kutafuta ukweli wa ndege. Ukweli ukaja wenyewe mpaka mezani kwangu, mimi nikaudhania kasoro nikauzika. Na ningeuzika milele, kama si Mkurugenzi kuamua kwamba toleo jipya liwe na hali ngumu, hali isiyo na msaada wowote kwa mchezaji. "Zimeni misaada yote," alisema, "kila kitu." Ningemwambia nini? Niseme kuna msaada mwingine asioujua? Nikauzima na ule mkono wangu wa siri, nikajikaza kisabuni, nikaomba bawa lisilale siku ya maonyesho.

Lililala. Tulikuwa watu tisa ndani ya chumba cha majaribio, pazia zimefungwa, kiyoyozi kinatoa maji kwenye ndoo, na Fundi amesimama nyuma ya kiti cha Mwewe. Mwewe akaruka vizuri, akashuka kwenye shabaha, akafyatua. Bunduki za bawa la kushoto zikamaliza risasi zote. Za kulia zikatoa tatu nne, zikanyamaza. Akahangaika nazo, anabonyeza hiki, anabonyeza kile, anazitukana, na katika kuhangaika kule akasahau kabisa kubadilisha tangi. Mafuta yote yakanywewa kutoka kushoto. Akarudi, akajipanga na uwanja, akapunguza mwendo, na bawa la kulia likalala. Akasukuma usukani wote kushoto. Wapi! Ndege ikagusa ardhi kwa ncha ya bawa, ikapinduka, moto.

Tukaangua kicheko, kama kawaida yetu Mwewe akianguka. Kisha nikasikia sauti ya Fundi nyuma yangu. "Rudia."

Mwewe akarudia, bunduki zile zile, tangi lile lile. Ikaanguka.

"Rudia."

Alimrudisha mara tisa. Kufika mara ya tano hakuna aliyecheka tena. Mara ya tisa Fundi akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya kawaida, "Waya wa usukani umekatika?"

"Hapana, Mzee."

"Umelegea?"

"Hauwezi kulegea. Katika mchezo wetu hatujaandika waya kulegea. Usukani ni mzima kabisa."

"Na pini inayoushikilia?"

"Hakuna pini, Mzee. Kila kitu ni kizima. Ndege inaanguka tu."

Akatafuta kiti, akakaa, akavua miwani. Pale ndipo tulipomjua Fundi wetu, na ninayoyasema sasa nimeyasema kwake kwanza, akaniruhusu.

Miaka thelathini na moja kabla ya siku ile, ndege ya aina hiyo hiyo ilirudi kutoka mazoezi ya shabaha, ikapunguza mwendo ili itue, na bawa la kulia likalala. Rubani alikuwa kijana. Walimtoa akiwa hai, lakini alipoteza mguu, na hakuruka tena. Bawa la kulia liliteketea lote. Tume ya uchunguzi iliandika kwamba chanzo hakikuweza kuthibitishwa, ila uwezekano wa hitilafu katika waya wa usukani hauwezi kuondolewa. Na waya ule ulikuwa umefungwa siku moja kabla, na mtu mmoja, peke yake, kisha mtu huyo akatia sahihi kwamba amekagua.

Hakushtakiwa. Hakufukuzwa. Hata hakulaumiwa kwa sauti. Lakini kila siku ya Mungu aliyoamka, mkono wake uliirudia ile pini: je, niliifunga? Niliipinda ncha yake? Au niliitwa kula nikaiacha? Alijaribu kukumbuka mpaka kumbukumbu yenyewe ikaharibika, akawa hajui tena kipi alikifanya na kipi anatamani angekuwa amekifanya. Tangu siku ile hakutia sahihi yake chini ya kazi yoyote ya ukaguzi. Sisi tukamwambia hajui kuandika! Fundi, nilishakuomba msamaha faraghani. Leo nauomba hadharani.

Mimi, kwa furaha yangu ya kijinga, niliruka pale pale. "Mzee, unaona? Si waya! Ni uzito! Ni bunduki na mafuta!" Nilitaka kumpa uhuru wake saa ile ile. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, usinipoze kwa kitu ulichokitengeneza mwenyewe. Wiki iliyopita ndege hii hii ilikuwa inatua salama. Mimi nimeiona. Leo inaanguka. Kesho utaibadilisha itafanya jingine. Nitaamini ipi?"

Alikuwa na haki. Ilikuwa inatua salama kwa sababu ya uongo wangu. Basi nikasema, mbele ya wote. Nikamweleza mistari kumi na miwili.

"Kwa hiyo uliificha," akasema.

"Niliificha, Mzee."

"Kwa muda gani?"

"Miezi minne." Mwewe akadakia, "Na nusu."

Fundi akaifuta miwani yake kwa kile kipande cha kanga. Nikajua nimeshapoteza imani yake. Kisha akaivaa na kusema, "Mchezo si ushahidi. Anayejua ni mmoja tu, rubani mwenyewe. Muulizeni ninyi. Mimi siwezi."

Hapa nawashukuru Chama cha Marubani Wastaafu. Mlitupatia namba ndani ya siku mbili. Rubani alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia katika mji mwingine. Nilipompigia nikajieleza, nikasema mchezo wa kompyuta, nikasema ndege, nikasema Fundi. Akauliza swali moja tu: "Fundi yuko hai?" Nikamwambia yuko hai na yuko nasi. Akasema, "Nitakuja Alhamisi."

Akaja Alhamisi, na gongo lake na koti lake zuri. Leo pia amekuja. Mzee Rubani, asante. Uliniambia jana kwenye simu, niseme yote, nisikupunguzie hata moja. Natii.

Tulikaa chumba cha chini kinachotazama maegesho ya magari. Tulikubaliana asioneshwe mchezo kwanza, ili kumbukumbu yake isichanganyike na skrini yetu. Fundi alikaa kiti cha karibu na mlango, kama mtu anayejiandaa kuondoka. Nikauliza maswali matatu niliyoyaandika.

Swali la kwanza, bunduki. Akasema, "Za kulia zilikwama mwanzoni tu. Nilihangaika nazo safari nzima ya kurudi."

Swali la pili, mafuta. Akasema, "Sikubadilisha tangi. Nilikwenda na la kushoto, nikarudi na la kushoto. Nilikumbuka nikiwa kitandani hospitali. Tume haikuniuliza, na mimi sikusema."

Sijauliza la tatu, Fundi akasimama. Ni yeye aliyeuliza. "Na usukani?"

Rubani akamgeukia. Ilikuwa mara yao ya kwanza kutazamana siku ile. Akasema, "Usukani ulikuwa mzima, Fundi. Niliupeleka kushoto, ukaenda."

"Ulikwenda wote?"

"Wote. Mpaka ukagonga paja langu."

"Haukuteleza? Haukulegea?"

"Ulinisikia mpaka mwisho. Ndege ndiyo iliyokataa. Niliposoma ile ripoti inasema waya, nilijua si waya. Nilikuwa kijana, nimepoteza mguu, nikaogopa kupoteza na jina. Nikanyamaza. Kisha nikawa nakukwepa, miaka yote hii."

Ndugu wageni, msidhani walikumbatiana. Mambo ya kukumbatiana tuwaachie watu wa sinema. Fundi alikasirika. Alitoka nje, na tukamwona dirishani akizunguka magari yetu, gari moja baada ya jingine, mikono nyuma. Akarudi, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Miaka thelathini na moja!"

Rubani akasema, "Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nakwepa mtaa wanaokaa ndugu zako!"

"Na mimi nilikuwa napita mbali na wa kwenu."

Fundi akaingia, akachukua jagi la maji, akanywa lote, jagi zima, sisi tunamtazama. Kisha akavuta kiti chake kutoka mlangoni akakisogeza mezani, akakaa karibu na Rubani. Akamwuliza mguu unamsumbuaje wakati wa baridi. Mimi na Mwewe tukatoka nje kimya kimya, tukakaa kwenye ngazi, na hapo ndipo nilipolia. Kwa hiyo leo silazimiki tena.

Walikaa mle mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tunafunga. Siku tatu baadaye Mama alinipigia simu. Mama, samahani, nasema. Akaniambia, "Mwanangu, mmenifanyia nini? Mume wangu anaimba bafuni. Nimekaa naye miaka yote hii, kumbe hana sauti hata kidogo!" Jamani, nilishusha pumzi ambayo sikujua nimeibana tangu lini. Nilishusha kwa ajili yake, na nilishusha kwa ajili yangu, kwa sababu mngejua usingizi nilioupata baada ya kufuta ile mistari kumi na miwili, mngeniuliza kwa nini nilichelewa.

Asubuhi iliyofuata Fundi alikuja kazini akaomba fomu. Akatia sahihi. Sahihi yenyewe ndefu, ina mkia kama wa panya, imechukua mistari miwili. Kisha akasema zile fomu za mwaka mzima tulizomtilia sahihi sisi, tumletee zote azipitie upya, na akakuta makosa kumi na nne. Mnaelewa sasa kwa nini baadhi yetu tunafurahia kidogo kwamba anastaafu.

Toleo jipya lilitoka bila mkono wangu wa siri. Mkirudi na bawa la kulia likiwa zito na mkapunguza mwendo kupita kiasi, mtaanguka, na hamtakuwa na wa kumlaumu. Wachezaji mmeanza tena kutuandikia, safari hii mnalia kwamba ndege ni ngumu mno. Na yule ndugu yetu wa viazi ameandika kwamba bibi sasa ameshindwa. Hatutabadilisha. Mwambieni akumbuke tangi.

Fundi, unatuaga. Wamenipa hapa orodha ya mema yako ukurasa mzima, nimeamua kutoisoma, kwa kuwa waliomo ukumbini wanayajua na wasioyajua hawatayaamini. Nitasema moja tu. Ulikuja kwetu kutusaidia ndege yetu iwe ya kweli, wakati wewe mwenyewe huna hakika kama kazi yako ya kweli uliyowahi kuifanya ilikuwa nzima au mbovu. Ungeweza kutuambia chochote, tungekubali. Hukutuambia chochote usichokijua. Hata nilipokupa faraja bure, uliikataa kwa sababu haikuwa na ushahidi. Kama si kukataa kule, Rubani asingeitwa, na mngekufa kila mtu na lake. Mimi nimejifunza kazi yangu hapo, nikiwa na umri huu na shahada mbili ukutani.

Nawashukuru wote waliohusika: Mkurugenzi, kwa kutonifukuza, bodi, kwa kutonifukuza mtakapomaliza kikao chenu kesho, Mwewe, kwa kurudia kuanguka mara tisa bila kulalamika, na Mama, kwa kumtunza mtu huyu alipokuwa mzigo kwake mwenyewe.

Limebaki jambo moja, na Fundi halijui. Mwezi huu tumechapa kitabu cha maelekezo cha mchezo, kitabu cha karatasi hasa, kitakachowekwa ndani ya kila kasha na kufika popote mchezo wetu unapouzwa. Tulimwomba Rubani atuandikie ukurasa wa kutua. Ameuandika mwenyewe, kwa kalamu, na akatuagiza tusibadilishe hata neno. Kitabu kilitoka mtamboni jana, makasha yako stoo. Fundi, naomba usimame kidogo. Mama, msaidie. Nausoma kama ulivyo:

"Kabla hujageuka kutua, tazama swichi ya mafuta. Badilisha tangi mapema, hata kama bunduki zimekusumbua, hata kama unajiona umeshafika nyumbani. Mimi sikubadilisha. Ndege yangu ilianguka na watu wakamdhania fundi wangu, nami nikawaacha wadhanie. Waya aliufunga vizuri. Pini aliiweka. Niliujaribu usukani wake mpaka ardhini, na haukuwa na kosa."

Imeshachapwa, Fundi. Nakala elfu arobaini. Nawashukuruni nyote kwa kunipa masikio yenu.